Kuhamisha injini ya Märklin ya reli tatu kwenda reli mbili

Ndugu, umeuliza kama injini yako ya zamani ya treni ndogo ya Märklin (kampuni ya Ujerumani ya treni za kuchezea), inayotumia AC (umeme wa mkondo geu), inaweza kutembea kwenye reli mbili za DC (umeme wa mkondo mnyoofu). Inawezekana, ila usikimbilie mota. Anza na magurudumu.

Kwenye mfumo wako wa sasa umeme unaingia kwa kile kiteleza cha chini kinachogusa vichwa vya chuma katikati ya njia (ndiyo "reli ya tatu"), kisha unarudi kupitia reli zote mbili. Ndiyo maana magurudumu ya ekseli moja hayajatenganishwa kiumeme. Ukiiweka hivyo kwenye reli mbili, shoti papo hapo. Tafuta ekseli zenye kizuizi cha plastiki, ng'oa kiteleza, halafu kila upande uupe waya wake hadi kwenye mota. Pima kwa multimita (kifaa cha kupima umeme) kabla ya kuwasha chochote.

Mota yenyewe ikiwa ina koili (waya uliosokotwa) mahali pa sumaku ya kudumu, ukigeuza chanya na hasi haitarudi nyuma. Itazunguka upande uleule. Badilisha koili hiyo kwa sumaku ya kudumu, na ile rilei (swichi ya umeme) ya kugeuza mwelekeo itoe, haina kazi tena.

Mimi nikikuta magurudumu mbadala hayapatikani, naiacha ilivyo.