Barua kwa mwanangu: yule mkaanga samaki wa Oklahoma

Mwanangu,

Sie huku wazima, alhamdulillahi. Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza mafuta yako motoni nikaona niiweke nije kuijibu nimekaa. Umeniuliza, mama, niache bendi au niache kazi ya jikoni hotelini, miaka 9 tunapiga na wanaokuja ni walewale watu 20, halafu wananicheka mwanamuziki gani ananuka vitunguu.

Hilo la kunuka ndo lililoniuma. Mie nakaanga samaki hapa Malindi ya Unguja tokea hujazaliwa, ada ya skuli na lile gitaa lako la mwanzo vyote vimetoka ndani ya karai.

Sasa hao Flaming Lips unaowapenda, ile bendi ya roki ya Marekani, si wewe mwenyewe ulonihadithia sikukuu ulipokuja? Yule Wayne Coyne alikuwa mkaanga samaki! Mkahawa wa samaki huko Oklahoma, miaka 11, bendi wameianzisha 1983 na yeye bado yuko kwenye mafuta, na hata mwimbaji hakuwa yeye, alikuwa nduguye Mark, Mark alipoondoka ndo Wayne akashika maiki. Ule wimbo wa jeli uliowatoa, She Don't Use Jelly, umo kwenye albamu ya 1993. Hesabu mwenyewe, miaka 10, na wewe uko wa 9 unataka kushuka chomboni.

Na walipojulikana hawakukaa kuurudiarudia wimbo ule ule watu wawapigie makofi. 1997 wakatoa ile albamu ya Zaireeka, CD 4 zinapigwa kwa pamoja kwenye redio 4, yaani peke yako nyumbani huipati, lazima uite watu. Unakumbuka tulivojaribu barazani kwa simu? Yangu, yako, ya mdogo ako na ya jirani, tukahesabu moja mbili tatu bonyeza, ya jirani ikachelewa kidogo, ngoma zikawa zinatokea mlangoni halafu zinajibiwa dirishani, tukarudia ikawa vyengine kabisa, watoto wa mtaa wakajaa wanataka tena na tena. Mie roki siielewi lakini siku ile nilifahamu unatafuta nini kwenye muziki huo, na nilikuwa sijakwambia.

Baadae ikaja albamu ya The Soft Bulletin 1999, tuzo ya Grammy 2003, na 2009 Oklahoma ikaufanya wimbo wao mmoja kuwa wimbo rasmi wa roki wa jimbo, palepale alipokuwa akikaanga samaki.

Kwa hivo mie nakwambia usiache kazi na usiache bendi. Mshahara wa jikoni ndo unaokuwezesha kupiga unachokitaka bila ya kumuomba mtu, ukiacha kazi utaishia kupiga nyimbo za watalii kila usiku ili ule, na hizo huzipendi najua.

Ila kuna kitu kwenye meseji umekipitia haraka mie nikakiona. Umesema mpiga ngoma wenu siku hizi haji mazoezini na akija anasinzia. Mwanangu, mpiga ngoma wa Flaming Lips enzi hizo, Steven Drozd, fundi kweli kweli, aliingia kwenye heroini mpaka mkono ukataka kukatwa, watu wakaambiwa kaumwa na buibui, wakautungia na wimbo, kumbe sindano. Yeye alipona, akaacha, akaendelea kupiga. Lakini sie hapa unga, hiyo heroini, tunaujua, tumezika vijana mtaa huu huu, sitaki kuwataja. Usimfukuze kwenye bendi na usimuone mvivu, mkae nae karibu, na kama ndo hilo zipo soba hausi, nyumba za kuwasaidia watu waache unga, hapa Unguja na mie ntamsindikiza mwenyewe.

Ijumaa nina nguru mzuri. Njoo na gitaa lako, na yeye uje nae, mwambie mama kasema asikose, nataka niione mikono yake.

Mama ako