Usiache ilimba, na penseli usiitupe

Ndugu yangu, umeuliza uache kipi, kuchora au ilimba (ile ala ya Wagogo wa Dodoma, yenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba), maana ukitoka kazini unabaki na saa moja tu na majirani wameanza kununa. Mimi nisingeacha chochote. Ila hiyo saa usiigawe nusu kwa nusu. Leo penseli, kesho ilimba.

Unasema ilimba inatoa sauti za ajabu. Kabla ya kulaumu vidole, kagua vile vyuma, huhama kidogo kidogo kadiri unavyovibonyeza. Ukisukuma chuma ndani, sehemu inayopigwa inafupika na sauti inapanda. Ukikivuta nje, inashuka. Gonga taratibu kwa kipande cha mbao, si nyundo (niliwahi kupasua ubao, nikabaki kujilaumu wiki nzima). Wala usiipime kwa kinanda. Wagogo wana mpangilio wao wa sauti. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wao maarufu, mpaka sikio lizoee. Usiku iweke juu ya mto mapajani, kelele zitapungua.

Hiyo mikono unayochora ikatoka kama mihogo: acha vidole, chora nafasi zilizo katikati yake. Mkono usioshika penseli ulaze juu ya ilimba, ndio mfano wako. Dakika kumi, bila kifutio.