Ukienda Kuchimba Ndege ya Vita Shambani, Usikimbilie Injini

Wengi wanaojitolea kuchimba ndege zilizoanguka hapa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili huja na hamu ya kuiona injini. Lakini kwa niliyoyaona kwenye mashamba ya mashariki mwa nchi, sehemu kubwa ya habari imo kwenye udongo wa juu, ule unaolimwa na trekta kila mwaka.

Kwanza kibali. Sheria ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya kila ndege ya kijeshi iliyoanguka nchini, hata pasipo na kibao wala uzio. Mwenye shamba akikubali, bado unahitaji kibali cha Wizara ya Ulinzi, nacho kwa kawaida hakitolewi panapodhaniwa kuna miili au mabomu.

Kisha tembea shamba zima kwa mistari, kifaa cha kutambua metali mkononi. Kikilia, chomeka kibendera, pima mahali, ndipo uokote. Inachosha, na jua la Agosti halina huruma. Ila ramani ikikamilika utaona jinsi ndege ilivyoanguka: iliyoshuka wima huacha vipande vimejazana mahali pamoja na injini imezama chini sana, iliyokuja kwa mlalo hutawanya vipande mbali. Kipande ulichotia mfukoni bila kupima hakisaidii tena ramani hiyo.

Ganda tupu la risasi likitoka, tazama kitako chake. Kikiwa na kibonyeo katikati, bunduki iliifyatua. Kikiwa laini na ubavu umepasuka, risasi ililipuka kwa moto baada ya ndege kuanguka. Hapo unajua kama bunduki ile ilipigana, na mimi hadi leo moyo hunienda mbio nikiligeuza ganda. Risasi nzima usiiguse; mwite mtaalamu wa milipuko. Mita za rubani, zile za kuonyesha mwendo na kimo cha ndege, nazo usizisugue, kwa maana rangi iliyozing'arisha gizani mara nyingi ilikuwa na radiamu, metali yenye mionzi hatari.

Mfupa ukionekana, hata ukidhani ni wa ng'ombe, weka mwiko chini na umwite msimamizi. Marekani peke yake ina askari zaidi ya 70,000 wa vita ile ambao hawajulikani walipo, na timu zinazowatafuta huchekecha udongo wote kwa maji, ndoo baada ya ndoo. Jino moja linaweza kurudisha jina la mtu kwa ndugu zake.

Kabla ya kujiunga na timu yoyote, omba uonyeshwe kibali, na uulize vitu vitakavyopatikana vitahifadhiwa wapi. Wakibabaika, tafuta timu nyingine.