Kanda za Grateful Dead: nakala ipi ina sauti ya kweli?

SWALI: Nina nakala tatu za onyesho la Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, la 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton, Chuo Kikuu cha Cornell. Moja ilinaswa kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, nyingine kwa maikrofoni za mashabiki ukumbini, na ya tatu ni mseto wa hizo mbili. Kila nikizirudia nabadili uamuzi. Nizipimeje?

JIBU: Kwanza zilinganishe kwa ukubwa wa sauti. Nakala iliyo juu hata kwa desibeli moja tu hulihadaa sikio, ukadhani ndiyo safi zaidi. Kata kipande kilekile cha dakika mbili kutoka kila nakala, pale ambapo waimbaji, besi na ngoma vyote vipo. Pima wastani wa sauti kwa programu kama Audacity, kisha zishushe zilizo juu zifikie iliyo chini. Usipandishe ya chini, maana vilele vyake vinaweza kukatika na kukwaruza.

Pili, kasi. Dekki za kaseti hazikuwa na mwendo mmoja. Nakala iliyoharakishwa kwa asilimia 2 hufupisha wimbo wa dakika 10 kwa sekunde 12 hivi, na noti zote hupanda kidogo. Ubishi mwingi kuhusu bendi "kuchangamka zaidi" katika nakala fulani chanzo chake ni mota ya dekki. Chukua toleo rasmi la 2017 liwe kipimo chako, na unaposahihisha badili mwendo na noti kwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo usikilize. Kanda ya mashine ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa bendi, na uwiano wake ni wa ajabu: gitaa la Jerry Garcia, piano ya Keith Godchaux na besi ya Phil Lesh, kila kimoja kina nafasi yake. Kanda zake nyingi ziliuzwa mnadani 1986 pamoja na mali nyingine ya ghalani, kisha nakala zikasambaa kwa mikono mingi. Kila zilipohamishwa kutoka kaseti hadi kaseti, mvumo uliongezeka na matoazi yakafifia, kwa hiyo ulizia nakala yako imepitia mashine zipi.

Kwa Cornell, ningechagua kanda ya mashine bila kusita. Lakini isiwe kanuni ya kila onyesho. Katika kumbi ndogo, gitaa tayari linavuma kutoka jukwaani, hivyo fundi hulipunguza kwenye mashine. Kanda ikibaki na waimbaji juu na magitaa kwa mbali, ya mashabiki huweza kuishinda. Zipo nyingi nzuri za kuanzia Oktoba 1984, bendi ilipowatengea warekodi sehemu yao ukumbini.

SWALI: Nimejaribu kutengeneza mseto mwenyewe, ngoma zinapiga mara mbili. Kwa nini?

JIBU: Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Maikrofoni iliyo mita 30 kutoka kwenye spika huipata sauti milisekunde 87 hivi baada ya mashine. Tafuta pigo kali la ngoma, uiwahishe kanda ya mashabiki (isogeze kuelekea mwanzo) mpaka mapigo yakutane. Kisha nenda mwisho wa seti uangalie tena, kwa sababu vinasa sauti viwili huachana: tofauti ya asilimia 0.1 huwa sekunde 3.6 baada ya saa moja. Nyoosha au bana moja mpaka ncha zote mbili zilingane, na uwaweke mashabiki desibeli 6 hadi 8 chini ya mashine.

SWALI: Nitajuaje kama faili la FLAC (lisilopoteza sauti) lilitoka kwenye MP3 (iliyobanwa kwa kupunguza sauti)?

JIBU: Fungua mchoro wa masafa. Ukiona ukuta ulionyooka karibu na kilohezi 16, shuku MP3. Kaseti kuukuu nayo hupoteza masafa ya juu, ila hufifia polepole bila kukatika ghafla.