Maswali ya Wasomaji: Mikwaruzo katika santuri za Skip James

SWALI: Ndugu Mhariri, nyimbo za bluzi alizorekodi Skip James mwaka 1931 zina mikwaruzo mingi hata maneno mengine hayasikiki, ilhali zile za miaka ya 1960 ni safi. Je, mitambo ya zamani ilikuwa duni kiasi hicho? Na kwa nini alikaa kimya zaidi ya miaka 30?

JIBU: Ndugu msomaji, mitambo haistahili kubeba lawama zote, kwa kuwa kufikia mwaka 1931 sauti ilikwisha kunaswa kwa maikrofoni za umeme kwa miaka kadhaa, na zipo santuri za wakati huohuo zinazosikika vizuri hadi leo. James, aliyezaliwa mwaka 1902 na kukulia Bentonia, Mississippi, alisikilizwa kwanza na H. C. Speir, mwenye duka la muziki mjini Jackson, ambaye alimpeleka Grafton, Wisconsin, kurekodi chini ya chapa ya Paramount. Chapa hiyo ilimilikiwa na watengenezaji wa samani, na santuri zake zilitengenezwa kwa malighafi ya bei nafuu, hivyo zilikwaruza hata zikiwa mpya. Isitoshe, mdororo wa uchumi ulikuwa umewafukarisha wanunuzi, kwa hiyo nakala zilizouzwa zilikuwa chache, nazo zilichezwa kwa sindano za chuma zilizolika na kuchimba mifereji yake. Kampuni ilipoacha kurekodi mwaka 1932, mabamba ya kuchapia santuri hayakutunzwa. Unachokisikia leo, basi, kimechukuliwa kutoka nakala zilizochakaa mikononi mwa watu.

Kuhusu ukimya wake, mauzo hayakumpa riziki, naye akageukia kanisa, kama baba yake aliyekuwa mhubiri. Mwaka 1964 mpiga gitaa John Fahey na wenzake wawili walimkuta hospitalini Tunica, Mississippi, na mwaka huohuo akapiga katika tamasha la Newport. Alifariki Philadelphia mwaka 1969.

Hata hivyo, nisingekushauri uziweke kando zile nyimbo 18 za mwanzo kwa sababu ya usafi wa zile za baadaye. Katika «Devil Got My Woman» nyuzi za gitaa zimekazwa ili, zikipigwa bila kubanwa, zitoe mlio wa huzuni, na juu yake inapaa ile sauti nyembamba ambayo wapigaji wengi wa Mississippi hawakuwa nayo. Katika «I'm So Glad» vidole vinakimbia kwa kasi ambayo, kwa masikio yangu, uzee na maradhi havikumruhusu kuirudia. (Alipiga piano pia, kwa mtindo wa kukatakata usiotabirika.) Ukitafuta toleo la kununua, epuka yale yaliyochujwa mno, kwa maana kichujio kinachoondoa mikwaruzo huondoa pia ncha za juu za sauti yake, na hizo ndizo zinazofaa kusikilizwa.