Ukienda Zanzibar soma kanga kwanza, majumba yapo tu

Mara ya kwanza naenda Unguja nilikua na listi ndefu kama ya kwenda sokoni. Ngome Kongwe, Beit el Ajaib, Forodhani, milango. Boti masaa mawili kutoka Dar, nashuka jua la saa saba linanisubiri, Beit el Ajaib yenyewe nakuta imezungushiwa mabati maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, basi nikapiga picha mabati nikarudi gesti kulala.

Kesho yake nikaamka mapema, njaa tu. Saa moja na nusu nipo vichochoro vya Sokomuhogo natafuta chai nikapotea (utapotea na wewe, na ramani ya simu isikutie presha, kule kuta nene na njia nyembamba, kile kidoti cha bluu kinarukaruka mpaka kinakuweka baharini). Ndo nikaona kikapu kinashuka toka dirisha la ghorofa ya pili. Kamba ya nailoni, ndani noti ya elfu imekunjwa. Muuza mikate kaegesha baiskeli, kachukua hela, katia boflo tatu na chenji, akaivuta kamba mara mbili kama mtu anabisha hodi, kikapu hicho kikapanda. Hakuna aliyesema neno.

Mpaka leo nikifika mji wowote naanzia hapo. Toka kati ya saa moja na saa nne asubuhi, majumba yakiwa kazini. Utasikia mbuzi ya nazi inakwaruza nyuma ya mlango, ungo unapepetwa, mtoto anafokewa avae viatu vya chuoni. UNESCO waliuweka Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 kwa ajili ya majengo na historia yake, sawa, ila mlango wenye misumari ya shaba mimi niliuelewa siku nilipoona soksi za mtoto zimetundikwa kwenye ile misumari zikauke. Na kofia za viua zimetoka kufuliwa, zimevishwa makopo ya maziwa ya unga zisipoteze shepu, makopo manne yamepangwa barazani kama wazee wanasubiri kahawa.

Usiishie Mji Mkongwe pia. Vuka Darajani nenda Michenzani, yale maghorofa marefu ya enzi za Karume, watu wengi wanayapita wanasema mabaya. Simama chini uangalie nguo kwenye vibaraza, ghorofa moja baada ya nyingine.

Sasa kamera. Hapa nilikosea nikaumbuka. Nilikua napiga picha kanga zilizoanikwa uani kwa watu, nyingi zimeanikwa kichwa chini miguu juu kwahiyo kuzisoma jina lazima upinde shingo, mtu mzima nimejipinda pale na simu, nikasikia sauti ya bibi nyuma yangu, "Weye, nguo zangu zimekufanyia nini?"

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, ila ile ya kukatia. Nikafuta picha mbele yake moja moja, nikaomba radhi. Kwahiyo nakwambia, nguo za mtu kwenye kamba ni kama yuko ndani kwake, salimia kwanza, omba, ukikataliwa angalia kwa macho inatosha. Na ununue kitu mtaani hapo, hata kahawa ya kikombe kile kidogo na kashata, upate sababu ya kukaa barazani bila kuonekana mpelelezi.

Bibi aliponiona sina pa kwenda akasema basi kama huna kazi hebu nishikie ncha hii. Doti haijakatwa bado, nzito ina maji, yeye anakamua huku mimi nakamua kule, maji yananimwagikia kwenye raba. Tulipoikunjua ndo nikasoma bila kupinda shingo, HASIDI HANA SABABU.

Sikuuliza kama ni mimi nimeambiwa.