Ukumbi Ukiwa Baridi, Usikimbilie Kuongeza Sauti

Mwimbaji wa bendi ya watu sita ameandika kuuliza wafanye nini ili watu waitikie na wacheze. Walipiga nyimbo tisa mfululizo, ukumbi umejaa, na hakuna aliyenyanyua hata kidole. Akaambatanisha orodha ya nyimbo, kisha akamalizia kwamba watu wa siku hizi hawajui muziki. Swali ni zuri. Hilo la mwisho ndilo linalozamisha bendi.

Mtu aliyetoka kwake, akalipa kiingilio na kukaa, hajaja kuwanunia. Akinyamaza, mara nyingi hasikii maneno, au hana pa kusimama, au anaona haya kuwa wa kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa kupandisha sauti, lakini ndicho kitu cha kwanza ambacho bendi karibu zote hufanya.

Tuanze na mitambo. Ukumbi mtupu una mwangwi mwingi. Watu wakiingia, miili na nguo zao hunyonya sauti, hasa zile nyembamba za juu. Kwa hiyo yale mliyoyapanga saa kumi jioni hayapo tena saa tatu usiku. Fundi mitambo akiganda kwenye mipangilio ya jioni, mwimbaji anazama. Asiguse sauti kuu kwanza. Apunguze gitaa na kinanda kati ya hezi 200 na 400 (hezi hupima wembamba wa sauti, ikipanda sauti inakuwa nyembamba), kama desibeli 3 hivi, kipimo cha ukubwa wa sauti, akate kila kitu chini ya hezi 100 kwenye maikrofoni za waimbaji, halafu atembee hadi meza ya mwisho na kuketi. Akiwa pale asikilize konsonanti. Nyingi hujitokeza kati ya hezi 2,000 na 4,000, na zikifunikwa na gitaa la solo msikilizaji anasikia mtu analalamika tu, hajui analalamikia nini. Huwezi kuitikia usichokielewa.

Atazame pia urefu wa spika za mbele. Zikiwa usawa wa vifua, watu wa mstari wa kwanza wanakula sauti zote za juu na wa nyuma wanabakiwa na besi inayovuma. Zipandishwe mpaka sehemu ya sauti nyembamba ipite vichwa vya watu waliosimama, yaani zaidi ya mita 2.

Nafasi tupu ya mita sita kati ya jukwaa na meza ya kwanza ni uwanja wa kuadhiriwa. Nani atauvuka peke yake huku ukumbi mzima unamtazama? Kabla milango haijafunguliwa, ombeni meza zisogezwe, zibaki mita 2 au 3. Watu wakishaanza kusimama, meza zitasogea zenyewe. Taa za eneo la kuchezea zipunguzwe, lakini mwanga kidogo uangukie meza za mbele ili mwimbaji aone nyuso. Mwimbaji anayeimbia giza hujiimbia mwenyewe, na inaonekana.

Sasa kuitikia, maana hapa ndipo waimbaji wengi hujichongea. Chagueni kibwagizo cha silabi nne hadi sita, kisichozidi vipimo viwili vya muziki (baa), chenye sauti ambazo mtu asiye mwimbaji anazifikia bila kukaza shingo. Mara ya kwanza na ya pili mwimbaji aite, na waitikiaji wa bendi ndio wajibu. Ukumbi unafundishwa hapo bila kuambiwa kwamba unafundishwa. Mara ya tatu vyombo vyote vinyamaze, ibaki ngoma kubwa ya mguu peke yake. Mwimbaji aite, atoe maikrofoni mdomoni, aielekeze kwenye meza moja iliyokwisha kutikisa kichwa. Meza moja tu, si ukumbi wote. Wakijibu, aende meza ya jirani. Wasipojibu, waitikiaji wajibu palepale kwenye pigo lake, vyombo virudi, wimbo uendelee kana kwamba ndivyo ulivyotungwa. Asirudie, na kamwe asiseme “Sijawasikia!” Hilo ni neno la kuwaambia watu ambao tayari wanapiga kelele. Kumwambia aliyekaa kimya ni kumsuta mbele za watu, na mtu aliyesutwa hukunja mikono hadi usiku unaisha.

Makofi nayo yana mtego wake. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Mtu aliye mita 30 kutoka jukwaani anawasikia mmechelewa sehemu 90 za elfu ya sekunde, na kofi lake linachelewa tena kiasi hicho kurudi. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, jumla ya kwenda na kurudi ni zaidi ya theluthi ya pigo. Mpiga drams akianza kuyafuata makofi, wimbo unavutwa nyuma na wachezaji wachache mliowapata wanapotea. Afuate mashine ya mapigo, ile inayomhesabia mwendo sikioni, makofi yafuate drams.

Kwa bendi zinazotumia monita za masikioni, yaani vile vya kuziba masikioni ambavyo wapigaji hujisikilizia, kuna tatizo ambalo watu hulisahau: mmeziba masikio. Inawezekana ukumbi unaitikia na nyinyi hamna habari. Wekeni maikrofoni mbili pembeni mwa jukwaa zikitazama watu, zichanganywe kidogo kwenye monita tu, zisiende spika za nje.

Mapengo kati ya nyimbo yasizidi sekunde kumi. Mtu aliyekaribia kusimama akisubiri gitaa lityuniwe kwa nusu dakika anarudi kwenye simu yake. Kuwe na gitaa la pili lililokwisha kutyuniwa, au besi na drams waendelee taratibu chini ya maneno ya mwimbaji. Na maneno yawe sentensi mbili. Historia ya wimbo haimsimamishi mtu.

Angalieni pia mwendo. Bendi iliyoingiwa na wasiwasi hukimbia: wimbo wa mapigo 112 unaishia 120, na aliyekuwa anatikisa bega anaona mwendo umemshinda kuufuata, anaacha. Bendi huhisi moto unapanda kumbe ni hofu.

Nuna jukwaani na ukumbi utanuna. Wapigaji watazamane, wacheke mmoja akikosea. Kuwasema watu kwenye maikrofoni hakujawahi kuongeza mchezaji hata mmoja, na bado kuna viongozi wa bendi wanaofanya hivyo kila wiki kisha wanashangaa hawaitwi tena.

Kipindi cha kwanza kiishie dakika 45. Mapumzikoni mwimbaji apite mezani kusalimia, asiulize kwa nini hawachezi. Aliyepewa mkono ana aibu ndogo zaidi ya kuwa wa kwanza.

Tukirudi kwenye orodha iliyoambatanishwa: wimbo wa tatu na wa nne zote mbili ni za taratibu, na katikati yake gitaa linabadilishwa tyuni. Wa taratibu mmoja uhamie nafasi ya saba, mwingine utolewe kabisa, na gitaa la pili liwe limeegeshwa tayari nyuma ya mpiga solo.